Uwanja Uliovuliwa Ngozi

Juzi mlinicheka, na mimi nikawaacha mcheke, maana mtu akicheka vizuri tumbo linakaa sawa. Ninyi vijana wa mtaa wa Hewa Bora mliona mzee anashuka kwenye kinga yake (baiskeli, kwa ninyi mliozaliwa juu ya pikipiki), anachutama katikati ya vumbi la mwezi wa nane, anabonyeza valvu na kutoa upepo katika tairi zilizokuwa nzima kabisa. Mmoja wenu akanong'ona kwa sauti iliyofika mpaka uwanja wa ndege wa Luano, "Ule mukubwa, akili yake inaanza kupunguka." Halafu mkapanda pikipiki yenu, tairi ngumu kama jiwe la malachite, na hatua kumi mbele mkailaza chini ninyi wote watatu. Mimi nikapita pembeni yenu polepole. Leo ndiyo nasema.

Nimekula vumbi miaka thelathini na miwili. Nilikuwa mwendesha mashini za barabara katika kampuni ya shaba ya serikali, enzi za Zaire, wakati chama kilikuwa kimoja, kila mwanamume aliitwa citoyen, yaani raia, na tai ilikuwa imekatazwa shingoni. Vumbi nililolimeza, likikusanywa, linatosha kujenga nyumba ya vyumba vitatu na choo. Marehemu mke wangu alikuwa akifua shati langu mara tatu, na maji ya mara ya tatu bado yangeweza kufinyangia chungu. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo akitoa upepo, muulizeni kwanza, ndipo mcheke.

Aliyenifundisha ni Baba Ramazani. Ukoo wake ulitoka Maniema, watu wa msikiti, wafanyabiashara na mafundi cherehani. Yeye peke yake kati yao alipenda injini kuliko duka. Mimi ni mtoto wa Wakatoliki wa kaskazini ya Katanga, baba yangu alilaza mataruma ya reli mpaka mgongo ukapinda kama reli yenyewe kwenye kona. Baba Ramazani alikuwa na Ijumaa yake, mimi nilikuwa na Jumapili yangu, na Jumamosi ilikuwa ya salongo kwa wote wawili. Salongo ninyi mnaisikia tu kwa wazee: kazi ya bure ya kila wiki, mkurugenzi na mfagiaji wote jembe mkononi, ingawa jembe la mkurugenzi lilirudi nyumbani safi kuliko lilivyotoka.

Siku ya kwanza kazini nilizamisha kamioni. Haikuwa shimoni, ilikuwa kwenye vumbi tupu, mahali ambapo kuku alipita bila shida. Gurudumu lilipoanza kuzunguka bure, nilifanya kama mnavyofanya ninyi: nikakanyaga mafuta. Kamioni ikajichimbia. Nikakanyaga zaidi. Mpaka Baba Ramazani anafika, ilikuwa imezama hivi kwamba nilitoka kupitia dirishani na kujikuta nimesimama juu ya ardhi bila kushuka. Yeye hakunikaripia. Alizima injini, akakaa kwenye kivuli cha mlango, akanywa chai yake yote, kisha akaniuliza kama nimemaliza kugombana na udongo.

Halafu akanionyesha. Chimba mbele ya gurudumu, usichimbe nyuma, kwa sababu unataka kwenda mbele. Weka magunia matupu yaliyoloweshwa. Toa upepo katika tairi mpaka zilale kidogo, zifanye tumbo, maana tairi ngumu inakata vumbi kama kisu na tairi laini inalikanyaga kama mguu wa ngamia. Ondoka na vitesi (gia) ya pili, usiondoke na ya kwanza. Usifunge breki kamwe, iache kamioni ife yenyewe. Na ukisimama, simama juu ya majani, hata kama kivuli kiko mbali.

Alinifundisha hata kutembea. Ndiyo, kutembea. Mtu asiyejua vumbi hujisukuma kwa vidole vya mguu, na kila hatua anarudi nusu. Weka unyayo wote kwa mara moja, kama mtu anayepiga muhuri, na fuata njia ya mbuzi, kwa sababu mbuzi hana haraka ya kwenda kuzama. Baba mdogo wake aliwahi kufika Maka, na alirudi na ushuhuda aliourudia kila kiangazi: kwamba mchanga wa Uarabuni, mbele ya vumbi letu la Katanga, ni barabara ya lami.

Mimi nilisikiliza, lakini kwa sikio moja. Sikio la pili lilikuwa shule ya jioni. Miaka minne, kila nikitoka kazini nilikimbia darasani parokiani na kaptula ya grisi, nikajifunza jometri, kuchora, kupima mwinuko. Nikapata diploma yenye muhuri mkubwa kama sahani ya bukari, ugali wetu. Niliifunga katika nailoni na kuitembeza mfukoni mwa shati kama wengine wanavyotembeza picha ya mchumba. Mtu akiniuliza saa, nilitoa diploma.

Sasa niwaeleze desturi moja, kwa kuwa bila hiyo hamtaelewa kwa nini nilikosa usingizi.

Kila kiangazi kulikuwa na sikukuu ya wafanyakazi. Ngoma, mashindano, mahubiri marefu ya chama, na mwisho, zawadi za miaka ya kazi. Mwenye miaka kumi alipata saa ya ukutani, mwenye ishirini redio, mwenye thelathini kinga mpya. Wafanyakazi walisimama kwa mistari upande mmoja wa uwanja, wakubwa waliketi jukwaani upande wa pili. Jina lako likiitwa, ulitoka mstarini peke yako, ukavuka uwanja mzima mbele ya watu wote, ukapanda jukwaani kupokea kwa mikono yako. Na jina likiitwa mwenyewe asitokee, mtu mwingine akaenda kupokea badala yake, watu walivua kofia. Maana hao wa kupokea kwa niaba walikuwa wajane wanaochukua zawadi za waume zao marehemu. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Ila kila mtu aliijua: anayevuka yuko hai, anayevukiwa amekufa.

Mwaka ule jina la Baba Ramazani lilikuwa kwenye orodha ya miaka thelathini. Na magoti yake yalikuwa yamekwisha. Miaka yote ya kulala chini ya kamioni kwenye baridi ya mwezi wa saba ilikuwa imemla. Kwenye sakafu ya saruji alitembea na fimbo, taratibu, vizuri tu. Kwenye udongo mgumu pia. Alikuwa amejipima, hatua mia mbili kutoka mstarini mpaka jukwaani, akijizoeza jioni barabarani mbele ya nyumba yake, na mke wake Mama Zaina akihesabu kutoka mlangoni na kumdanganya hatua kumi ili asikate tamaa.

Lakini uwanja wa zamani, wenye hatua zilezile mia mbili, ulikuwa mwembamba kwa umati wa mwaka ule. Mkuu wa maandalizi, Citoyen Kabwe, mtu mwenye abakosti, lile koti la chama lisilovaliwa na tai, iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama bila yeye, akachagua uwanja mpya huko Annexe, ukingoni mwa mji, kando ya mashamba. Tambarare nzuri, majani mafupi makavu, vichuguu viwili vitatu. Akanitafuta mimi, mwenye diploma. Alitaka uwanja usafishwe uwe kama meza ya mkurugenzi. Jani hata moja lisionekane.

Nikachukua kamba, vigingi, na ile mashini ndefu ya kusawazisha udongo yenye kisu tumboni. Nikapima mwinuko kama nilivyofundishwa. Nikapiga mistari. Jumamosi ya salongo walikuja watu, naapa, nusu ya Lubumbashi, waling'oa majani na mizizi yake na kuyarundika pembeni, marundo makubwa kama nyumba. Nyuma yao nikapita na mashini, nikakwangua, nikarudi, nikakwangua tena. Siku tatu. Uwanja ukawa sawa hivi kwamba ungeweka yai katikati na lingebaki likijiuliza liende wapi.

Baba Ramazani alikuja na kamioni ya posho kuuona. Hakushuka. Alitazama kupitia dirishani, akachukua muda wake.

"Kalenga," akasema, "udongo iko na ngozi yake, sawa vile weye uko na yako. Ile majani na mizizi njo ngozi. Weye ulishachuna."

Nikamwambia, Baba, hiyo ni jometri. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeitikia salamu ya mlevi. Kisha akaonyesha marundo kwa kidevu.

"Ile majani usiichome. Haiyamaliza bado kazi yake."

Nilifikiri anayataka kwa mbuzi wake. Citoyen Kabwe alikuwa ameniagiza niyachome siku hiyohiyo. Sikuyachoma. Msinisifu: haikuwa utii wala busara, ulikuwa uvivu. Kiberiti kilikuwa kwenye kaptula nyingine.

Siku ya nne upepo ukaja kuuona uwanja wangu. Ule ukoko wa juu niliokuwa nimeukwangua haukuwepo tena wa kushika kitu, na chini yake kumbe ulikuwa unga. Mwekundu, laini, mwepesi kama unga wa muhogo. Mguu ulizama mpaka kifundo, halafu mpaka katikati ya muundi. Mbuzi wa jirani alivuka nikaona masikio tu yakitembea. Kuku wa Annexe walianza kutaga mayai mekundu. Waliokuja kusimika jukwaa walifika weusi wakarudi rangi ya matofali, na mke wa mmoja alimfungia mlango akidhani ni mgeni. Watu wakauita uwanja Sahara, na wakauliza nani kaufanya.

Sikukuu ilibaki siku tano.

Mwenye diploma hakosi dawa. Nikaleta kamioni ya maji nimwage, ili vumbi lishikane. Kamioni ilizunguka ikimwaga, udongo ukanywa wote kama mtoto aliyetoka kucheza, na juu ukabaki ukoko mwembamba unaong'aa. Nikafurahi. Asubuhi yake jua likaukausha, nikaupanda na kamioni ileile ikiwa imejaa, ukoko ukavunjika kama ganda la yai. Tulichimba kuanzia asubuhi mpaka saa tisa kuitoa. Jifunzeni hapo: maji bila kitu cha kushika ni kupaka vumbi rangi tu. Mkiweka udongo wa kichuguu uliopondwa, ndiyo, huo unashika kama saruji, lakini nilikuwa nimevisambaratisha vichuguu vyote vitatu siku ya pili, kwa sababu vilikuwa vinaharibu mstari wa kamba yangu.

Jumatano nilikwenda kwa Baba Ramazani. Nilimkuta barabarani anajizoeza, fimbo mkononi, Mama Zaina mlangoni anahesabu mia na tisini. Nikasubiri amalize. Akaketi kwenye kiti chake cha kamba, akifuta jasho, na mimi nikasimama na diploma yangu mfukoni ikinichoma kama kaa la moto. Nikamwambia kwamba uwanja ni mimi. Kwamba fimbo yake itazama kule. Kwamba nimeipima mwenyewe kwa fimbo kama hiyo, ikaingia mpaka mkononi.

Akasema alijua tangu siku ile ya dirisha.

Nikampa njia zangu zote. Tutakubeba kwenye kiti, vijana wanne. Akauliza kama yeye ni bibi harusi. Tutakuweka kwenye toroli safi, tutaifunika kitambaa. Akasema toroli ni ya simenti. Nitaleta trekta. Trekta, akasema, itazama, na nitakuwa na vitu viwili vya kuchimbua, trekta na yeye. Nikamwambia basi mimi nitavuka badala yako, Baba, kama mtoto wako.

Hapo akaacha kutabasamu.

"Mwenye banaita jina yake na haende, njo mwenye kufa. Miye niko muzima. Nilikuya ku kazi na miguu yangu, na kule nitaenda nayo."

Ni Mama Zaina aliyezungumza, kutoka mlangoni, akiwa anachagua mchele kwenye ungo.

"Na ile majani, ulichoma?"

Nikasema bado. Wakatazamana, mume na mke, na nikajiona mjinga kuliko siku niliyotoka kamioni kupitia dirishani. Maana nilielewa. Ngozi ilikuwa palepale pembeni ya uwanja, imerundikwa, inanisubiri.

Alhamisi asubuhi nilikuwa kwa Citoyen Kabwe. Nikaeleza: tutandaze majani, tabaka nene, mizizi chini, tuyakanyage, yatakuwa njia. Alinitazama kama nimependekeza kutandaza takataka mezani pa mkurugenzi, ndivyo alivyosema hasa. Aliuamuru uwanja usafishwe, na ulikuwa msafi. Nikamwomba aje auone. Akaja na viatu vyeusi vilivyong'aa. Akapiga hatua saba. Ya nane ilitoka bila kiatu. Tulikitafuta, mimi na vibarua watatu, na tulipokipata kilikuwa kimejaa kama kibaba.

Akavaa kiatu, akakung'uta abakosti ambayo haikukung'utika, halafu akatoa ruhusa. Lakini kwa njia moja tu: kutoka mahali magari ya wageni yanaposimama mpaka jukwaani. Nikasema, na upande wa wafanyakazi? Akajibu kwamba wafanyakazi wamezoea vumbi.

Na majani yalitosha njia moja. Nilipima. Jometri yangu ilifanya kazi siku hiyo moja kwa ukweli: marundo yote, yakitandazwa unene wa mkono mmoja, upana wa hatua mbili, yanatoa hatua mia mbili na kidogo. Hakuna njia ya pili ndani yake. Mengine yote ya jirani tulikuwa tumeyakwangua, na zaidi ya hapo ni mashamba ya watu.

Nilirudi kwa Mama Zaina na habari hiyo kama mtu anayerudi na chungu kilichovunjika. Yeye alikuwa kiongozi wa kikundi cha wake wa wafanyakazi, kile cha kuimba na kucheza mbele ya wageni. Enzi zile bila ngoma hakuna mkutano. Mtu mkubwa hakukohoa bila wanawake kumwimbia. Akaniuliza mambo mawili. Wageni wakishaketi, ile njia yao inafanya kazi gani? Nikasema haina kazi mpaka waondoke. Na zawadi zinatolewa kabla ya ngoma au baada?

"Baada," nikasema.

"Basi," akasema, "weye kaa kimya. Batatuomba tucheze. Tutacheza na majani."

Siku ya sikukuu ilikuwa Jumapili. Nilikwenda misa ya kwanza, nikaomba kwa watakatifu wote wa kaskazini na, kwa usalama, nikamwomba mtakatifu asiyejulikana wa vumbi. Saa nne uwanja ulikuwa umejaa. Watu walifika wamefunga vitambaa puani, viatu mkononi. Mama mmoja aliuza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, na kila kikombe kilikuwa na kifuniko cha karatasi, la sivyo ulikunywa udongo wenye ladha ya munkoyo. Wageni walishuka magarini, wakatembea juu ya majani bila kuzama hata kisigino, na mmoja alisikika akisifu ubunifu wa njia ile ya kijani, ingawa ilikuwa rangi ya mkate. Citoyen Kabwe akakubali sifa kwa kuinamisha kichwa.

Baba Ramazani alikuwa mstarini kwetu, safu ya mbele, kanzu nyeupe chini ya koti la kazi, kofia yake, fimbo. Mbele yake hatua mia mbili za unga. Aliangalia kule jukwaani bila kupepesa. Nilisimama nyuma yake na nikaona fimbo imekwisha kuzama kiganja kizima hata kabla ya kuanza.

Hotuba zilikwisha. Hazikwisha haraka: nadhani niliota ndevu. Kisha wakaitwa akina mama.

Waliingia kama hamsini, vitenge vya aina moja, Mama Zaina mbele na filimbi. Waliimba wimbo wa mavuno. Wakaenda wakicheza mpaka kwenye njia ya wageni, wakainama wote kwa mdundo mmoja, wakainuka kila mmoja na mzigo wa majani kichwani. Jukwaani wakapiga makofi: sikukuu ya kazi, na kilimo, mambo yanapatana. Wakavuka wakicheza, wakafika kwetu, wakainama, wakaangusha. Na hapo ndipo nilipoelewa akili ya yule mama. Wakaanza kukanyaga. Mguu wote kwa mara moja, kama muhuri, hatua kwa hatua, hamsini wakirudi nyuma kwa mistari miwili, wakipondaponda majani ndani ya vumbi mpaka yakashikana nalo. Mashini yangu yenye kisu haikuwahi kushindilia udongo namna ile. Wakarudi kuchukua mengine. Mara tatu, mara nne. Vumbi lilipanda juu hivi kwamba ndege iliyokuwa inashuka Luano bila shaka ilirudi ilikotoka. Lilipotua, njia ya wageni ilikuwa imekwisha, na mbele ya Baba Ramazani kulikuwa na njia.

Citoyen Kabwe alikuwa amesimama. Aliona. Lakini mtu mkubwa kando yake alikuwa bado anapiga makofi, akisema hajawahi kuona ngoma yenye maana kama ile, na Citoyen Kabwe akaketi tena na kupiga makofi pia.

Yakaitwa majina. Saa za ukutani, redio. Akaitwa mjane mmoja, tukavua kofia. Kisha likaitwa jina la Ramazani.

Akang'oa fimbo. Akaweka mguu. Majani yakalia, yakashika. Sikuhesabu kwa sauti, lakini nyuma yangu Mama Zaina, pumzi juu juu, jasho na vumbi vimemfanya sanamu ya shaba, alihesabu. Hatua ya arobaini akasimama, na watu elfu wakasimama naye. Akaendelea. Kwenye mia na ishirini palikuwa na sehemu nyembamba, fimbo ikatoboa, akayumba, mguu wangu mmoja ukatoka mstarini wenyewe. Mama Zaina akanishika shati.

"Acha," akasema.

Akafika. Akapanda ngazi tatu za jukwaa moja moja. Wakampa mkono, wakampa karatasi, wakampa kinga: nyeusi, kengele inang'aa, tairi zimejazwa ngumu. Na hapo nikakumbuka jambo ambalo wote tulilisahau, mimi na jometri yangu, Mama Zaina na akili yake. Tulihesabu kwenda. Hatukuhesabu kurudi. Wenye saa na redio, karibu ishirini, walikuwa wamemtangulia kwenda na kurudi juu ya majani yaleyale, na yeye mwenyewe amepita na fimbo yake. Njia ilikuwa imetawanyika, nusu majani nusu unga. Na sasa alikuwa na magoti mabovu, fimbo moja, na kinga ya kubeba.

Safari hii Mama Zaina hakunishika. Nilikimbia ule uwanja wote, nikazama na kuzuka, nikamfikia chini ya ngazi. Nikaishika kinga kwa usukani, nikamwambia, twende Baba, nitaisukuma, wewe unishike bega. Wageni juu yetu. Citoyen Kabwe juu yetu, anajua kila kitu.

Baba Ramazani akaangalia tairi. Akaangalia vumbi. Akaniangalia mimi, kwa ule uso wa mtu aliyemaliza chai yake.

"Toa upepo kwanza," akasema.

Basi mimi, mwenye diploma yenye muhuri kama sahani, nilichutama mbele ya nusu ya Lubumbashi, nikabonyeza valvu ya mbele, kisha ya nyuma. Psss. Ilisikika uwanja mzima. Tairi zikalala, zikafanya tumbo. Akanipa fimbo niibebe. Akashika usukani kwa mikono miwili, akauegemea, akasukuma. Mahali fimbo ilipozama, kinga haikuzama. Ilikanyaga vumbi kama mguu wa ngamia, na yeye nyuma yake, unyayo wote kwa mara moja, hatua mia mbili, akipiga kengele kila baada ya chache kama anayeomba njia sokoni. Mimi nilifuata nyuma, fimbo mkononi, na hakuna aliyevua kofia.

Jumatatu yake nilianza kupanda majani kwenye ule uwanja, kwa mikono, mwenyewe, bila kuagizwa. Mvua za kwanza zilinisaidia. Diploma niliitundika ukutani, ikabaki huko.

Baba Ramazani aliishi miaka mingine mingi, akienda msikitini kila Ijumaa akiegemea kinga yake, hakuipanda hata siku moja. Alipofariki, Mama Zaina alinipigia hodi akiisukuma mwenyewe, akasema marehemu aliacha neno kwamba ni yangu. Ndiyo hii mliyoicheka juzi. Kengele bado inalia, tandiko nimebadilisha mara mbili.

Kutoa upepo alinifundisha. Pampu hakuniachia.